Virginia McKenna si Joy Adamson: mwigizaji, simba na tembo waliochanganywa katika hadithi moja

Ukilitaja jina la Virginia McKenna katika baraza lolote la Lamu ambalo wazee hawajachoka kuzungumza, jibu la kwanza huwa hili: "Si yule mama wa simba aliyeuawa?" Mwingine atadakia kwamba ndiye aliyemlea simba jike Elsa, akamleta Kiunga kuogelea baharini. Kijana mwenye simu ataapa kwamba ameiona video yake akikumbatiwa na simba. Kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, na hakuna aliyepatia.

Aliyeuawa ni Joy Adamson. Aliyemleta Elsa Kiunga ni Joy huyohuyo pamoja na mumewe George. Wanaokumbatiwa katika ile video ni vijana wawili wa Australia, na simba mwenyewe ni dume, jina lake Christian. Virginia McKenna ni mwigizaji wa Kiingereza, wa jukwaani na wa filamu, aliyeigiza kama Joy katika Born Free, filamu iliyotoka mwaka 1966. Elsa wa kweli hakuwahi kuigiza naye hata siku moja. Alikufa Januari 1961, miaka kadhaa kabla kamera hazijafika Kenya.

Kosa hili nalielewa. McKenna aliingia katika maisha ya mtu mwingine ili kuyaigiza, na hakutoka tena. Ameishi zaidi ya nusu karne na simba midomoni mwa watu. Lakini ukifuata miaka yake mmoja mmoja utaona kwamba simba si jibu lote, pengine si hata nusu yake. Kuna tembo hapa, na watu humruka.

Kwanza tumalize habari ya Joy, maana bila yeye hatufiki popote. Alizaliwa mwaka 1910 katika mji ambao leo uko Jamhuri ya Czech, akafika Kenya mwishoni mwa miaka ya 1930, na baadaye akaolewa na George Adamson, bwana nyama, yaani afisa wa wanyamapori, wa mikoa ya kaskazini wakati wa ukoloni. Februari 1956 George alimpiga risasi simba jike aliyemrukia, kisha akagundua kwamba alikuwa na watoto watatu wachanga. Wawili walipelekwa bustani ya wanyama ya Rotterdam, Uholanzi. Mdogo kuliko wote akabaki nyumbani, naye ndiye Elsa. Walimlea, wakatembea naye huku na huko, na katika safari moja wakamfikisha Kiunga, kule juu kabisa kwa Wabajuni karibu na mpaka wa Somalia, akaingia baharini na kukimbiza kaa ufukweni. Hatimaye walimfundisha kuwinda na kumwachia porini Meru. Kitabu cha Joy kuhusu Elsa, Born Free, ambacho ndicho chanzo cha ile filamu, kilichapishwa mwaka 1960 na kusomwa dunia nzima. Joy aliuawa Januari 1980 katika hifadhi ya wanyama ya Shaba. George naye aliuawa na majambazi Agosti 1989 huko Kora, kando ya Mto Tana, mto huohuo unaotoa maji yake baharini pale Kipini, kati ya Malindi na Lamu.

Sasa McKenna. Alizaliwa London tarehe 7 Juni 1931. Sehemu ya utoto wake aliipitisha Afrika Kusini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Aliporudi Uingereza alisomea uigizaji katika Central School of Speech and Drama, kisha akaenda Dundee, Scotland, kwenye jumba la maonyesho la aina ambayo Waingereza waliitegemea kuwapika waigizaji wao: kundi moja la kudumu, usiku likionyesha tamthilia hii, mchana likifanya mazoezi ya ile itakayofuata. Huko hakuna mtu wa kukwambia "rudia". Ukisahau maneno, watu wako mbele yako wanakutazama na tiketi walishalipa. Wengi wa waigizaji wa kizazi kile walitoka katika tanuri la namna hiyo, na unaweza kuwatambua kwa namna wanavyotulia: hawana haraka, na sauti inafika nyuma bila kelele.

Mwaka 1954 alijiunga na Old Vic ya London, jumba lililojulikana kwa Shakespeare, akacheza Rosalind katika As You Like It, binti anayejivika nguo za kiume na kukimbilia msituni. Hiyo si nafasi ndogo. Rosalind ana maneno mengi kuliko mwanamume yeyote wa tamthilia ile. Filamu nazo zilikuwa zimeshaanza kumwita. Mwaka 1956, katika A Town Like Alice, aliigiza mwanamke wa Kiingereza aliyetekwa na Wajapani huko Malaya na kutembezwa kwa miguu na wanawake wenzake kutoka kijiji hadi kijiji, na kazi hiyo ikampatia tuzo ya BAFTA ya mwigizaji bora wa kike wa Uingereza. Mwaka 1957 aliolewa na Bill Travers, mwigizaji mwenzake. Mwaka 1958 aliigiza kama Violette Szabo, jasusi aliyeingizwa kwa siri katika Ufaransa iliyokaliwa na Wajerumani, akakamatwa na kuuawa kambini mwaka 1945.

Nimeyaeleza haya kwa sababu mtu akisikia "yule wa Born Free" hudhani ni msichana aliyeokotwa kwa sababu hakuogopa wanyama. La. Alipofika Kenya alikuwa na zaidi ya miaka 30, tuzo mkononi, watoto wa kulea, na mume ambaye katika filamu angeigiza kama George. Mke na mume wakiigiza mke na mume wengine waliokuwa bado hai. Na George mwenyewe alikuwa pale pale, akiwa mshauri wa mambo ya simba.

Filamu ilipigwa Naro Moru, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, mahali ambapo mtu wa pwani hujifunga mablanketi mawili. Kazi ilianza 1964. Nchi ilikuwa imepata uhuru Desemba 1963 tu, na filamu yenyewe ikawa inarudisha nyuma saa, ikionyesha Kenya ya gavana na bwana nyama.

Hapa ndipo fundo la pili: Elsa wa filamu si simba mmoja. Ni simba wengi, wa umri na ukubwa tofauti, maana hadithi inaanza na kinda na kuishia na simba jike mzima mwenye watoto wake. Watengenezaji walianza na simba waliofunzwa sarakasi Ulaya. Mpango huo haukwenda. Simba wa sarakasi amezoea amri na uwanja wa duara, na filamu hii ilihitaji mnyama atakayetembea na mtu porini, amlalie miguuni, acheze naye bila kulazimishwa. Wakageukia simba waliolelewa na watu, waliowazoea binadamu bila kufunzwa maonyesho. Wawili kati yao, Boy na Girl, walikuwa wakifugwa na kikosi cha jeshi la Uingereza, Scots Guards. Mwingine aliitwa Ugas, mwingine Mara.

McKenna na Travers walilazimika kuwafahamu mmoja mmoja kabla ya kupiga picha. Walitoka nao asubuhi, wakatembea nao, wakajifunza nani ana hasira karibu na nani mpole, nani akiinamisha masikio umpishe. Mapema katika siku hizo simba mmoja alimrukia McKenna kwa mchezo, akavunjika kifundo cha mguu. Mguu ulipopona akarudi kwa simba walewale.

Kwa maoni yangu hiki ndicho kipande kigumu zaidi katika maisha yake yote ya uigizaji, na ndicho ambacho wakosoaji wa wakati ule hawakujua wakipime vipi. Mwigizaji wa jukwaani anamtegemea mwenzake atoe neno lake kwa wakati wake. Simba hana neno la kutoa. Yeye ndiye anayeamua tukio limeisha saa ngapi. Ukitazama filamu ile leo, mwangalie McKenna mikono: haishiki mnyama kwa woga wala kwa majivuno, inafuata tu pale simba anapokwenda, na huku uso unaendelea na hadithi. Kufanya mambo hayo mawili kwa pamoja ni ufundi, si bahati ya kupendwa na wanyama. Alipendekezwa kuwania Golden Globe kwa kazi hiyo. Oscar mbili ilizopata filamu zilikwenda kwenye muziki wa John Barry.

Halafu filamu ikaisha, na hapo pakaanza jambo lililomtesa McKenna. Hadithi nzima ilihusu mnyama aliyerudishiwa uhuru wake, lakini simba walioiigiza, wengi wao, walipelekwa kwenye bustani za wanyama. George Adamson aliruhusiwa kuwachukua Boy, Girl na Ugas kuwafundisha kuishi porini huko Meru. Waliobaki wakaenda nyuma ya nyavu. Mwaka uliofuata, 1967, McKenna na Travers walitengeneza filamu ya kumbukumbu kuhusu wale watatu wa Meru. Hawakuwa tena waigizaji walioajiriwa. Walikuwa watu wenye deni.

Video ya kukumbatiana inatoka katika sura hii. Mwaka 1969 vijana wawili wa Australia walimnunua mtoto wa simba katika duka la Harrods, London, enzi hizo duka likiuza hata wanyama wa porini, wakamfuga katika duka la samani walilofanyia kazi. Siku moja McKenna na Travers waliingia dukani humo. Kwa mkono wao Christian alisafirishwa hadi Kora mwaka 1970, kwa George. Mwaka uliofuata vijana wale walikuja kumtembelea, simba akawakumbuka, akawarukia mabegani. Picha hizo zilikaa miaka mingi bila kelele, kisha zikaingia intaneti na kutazamwa na mamilioni. Ukitumiwa video hiyo na mtu akakuambia ni Elsa, mwambie huyo ana manyoya shingoni, na Elsa alikuwa jike.

Hadi hapo unaweza kusema: basi ni simba waliomgeuza McKenna. Ndivyo inavyosimuliwa kila mahali. Mimi nadhani simulizi hiyo ina pengo la karibu miaka 20. Born Free ilitoka 1966. Shirika lake la kutetea wanyama lilianzishwa 1984. Kati ya hapo alikuwa anafanya nini? Na kwa nini 1984 hasa?

Kwa nini 1984 hasa, jibu ni Pole Pole, tembo jike.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali ya Kenya iliamua kuipa bustani ya wanyama ya London mtoto wa tembo kama zawadi. Huyo ndiye Pole Pole. Kabla hajasafirishwa, McKenna na Travers walikuwa Kenya wakitengeneza filamu nyingine, nyepesi, ya kuchekesha kidogo, na mtoto huyo akaazimwa aigize ndani yake. Walimzoea na yeye akawazoea. Kazi ilipokwisha wakaomba wamnunue ili abaki. Wakajibiwa kwamba inawezekana, lakini zawadi imeshaahidiwa, hivyo atakamatwa mtoto mwingine porini kuchukua nafasi yake. Fikiria uzito wa jibu hilo: kumwokoa huyu unayemjua ni kumtia kifungoni mwingine usiyemjua, pamoja na kumtenga na mama yake. Wakakubali Pole Pole aende.

Alikaa London zaidi ya miaka 10, na mwishoni akiwa peke yake, bila tembo mwenzake. Tembo jike huishi maisha yake yote ndani ya familia ya mama, dada na shangazi. Upweke kwake si jambo dogo. Habari zilipoanza kutoka kwamba ameharibika tabia, McKenna na Travers walikwenda kumwona, mwaka 1982. Walimwita kwa jina. Akaja, akanyoosha mkonga hadi mikononi mwao. Kelele zikapigwa magazetini, na mwaka 1983 ikaamuliwa ahamishiwe bustani nyingine yenye nafasi na tembo wenzake. Akatiwa ndani ya kreti ya kusafirishia, akasimamishwa humo muda mrefu, akaanguka. Baadaye ikaamuliwa afishwe. Alikuwa bado kijana kwa umri wa tembo.

Mwaka uliofuata McKenna, Travers na mwana wao mkubwa Will walianzisha Zoo Check, shirika la kuchunguza hali ya wanyama katika bustani. Mwaka 1991 likaitwa Born Free Foundation. Jina la simba likakaa mlangoni, lakini aliyelizaa ni tembo. Ninavyoona, tofauti kati ya wanyama hao wawili ni hii: kwa simba, McKenna alikuwa mwigizaji aliyesikitika kwa uamuzi wa watengenezaji. Kwa tembo, filamu ilikuwa yake na mumewe, mtoto aliazimwa kwa ajili yao, na walipewa nafasi ya kuchagua. Hakukuwa na mtu mwingine wa kulaumiwa kirahisi.

Na ile miaka 20 ya katikati? Alikuwa kazini. Hili linawashangaza wanaodhani aliacha uigizaji akahamia kwa wanyama. Mwaka 1970 yumo katika filamu ya Waterloo. Mwaka 1974 aliigiza kama Clementine, mke wa Winston Churchill, mbele ya Richard Burton aliyeigiza kama Churchill. Mwaka 1979 alisimama London Palladium na Yul Brynner katika The King and I, tamthilia ya nyimbo, akapata tuzo ya Olivier ya mwigizaji bora wa kike katika aina hiyo. Mwaka 1984, mwaka uleule wa Zoo Check, akiwa na miaka 53, alikuwa Gertrude, mama yake Hamlet, katika Royal Shakespeare Company. Aliyekuwa akiigiza Laertes katika onyesho hilo ni kijana aliyeitwa Kenneth Branagh, ambaye baadaye alikuwa mwigizaji na mwongozaji maarufu. Sioni hapo mtu aliyeikimbia kazi yake. Naona mtu aliyegundua kwamba sauti iliyofunzwa kufika nyuma ya ukumbi inaweza kufika pia bungeni na magazetini, akaanza kuitumia huko bila kuiacha kule. Travers alifariki mwaka 1994, na McKenna akaendelea. Mwaka 2023 alipewa cheo cha Dame, heshima kubwa ya taifa la Uingereza, na sababu iliyotajwa ilikuwa wanyama, si jukwaa.

Sasa hoja yake yenyewe, maana hapa kwetu inahitaji kupimwa. Kila mtoto aliyepitia madrasa Lamu anaijua hadithi ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka: alimfungia, hakumpa chakula, wala hakumwacha ajitafutie wadudu wa ardhini. Kwa hiyo kumhurumia mnyama si jambo lililoletwa na meli ya Wazungu. Lakini mwenye bustani ya wanyama anaweza kujitetea kwa hadithi hiyohiyo: mimi ninalisha, nina daktari, nina maji safi. McKenna anakwenda hatua moja zaidi. Anasema tembo aliyeshiba bado anaweza kuwa anateseka, kwa kuwa umbali anaotembea na jamaa anaoishi nao ni sehemu ya mahitaji yake kama majani. Wanaobishana naye husema bustani nzuri zimezalisha wanyama waliokuwa wakipotea, na watoto wa mjini wasingemwona tembo kamwe. Mimi kwa tembo nakubaliana na McKenna. Kwa kila mnyama, sina hakika.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa kaskazini ya Lamu wana haki ya kulisema. Wakati kamera zinazunguka Naro Moru, vita vya shifta, kati ya serikali ya Kenya na wapiganaji wa Kisomali wa kaskazini, vilivyodumu hadi 1967, vilikuwa vinaunguza pwani ileile ambayo Elsa alichezea. Wabajuni wengi walivihama vijiji vyao vya bara, wakakimbilia visiwani, Malindi na Mombasa, na baadhi ya vijiji havikurudi tena kuwa vijiji. Dunia ilimlilia simba wa Kiunga bila kuisikia Kiunga. Na hadi leo, mkulima wa kijiji cha Hindi, Lamu bara, anayeamka akakuta nyati shambani hamtazami mnyama wa porini kwa macho ya mtu aliyekaa sinema. Haya si makosa ya mwigizaji. Ila yanaeleza kwa nini hadithi iliyopendwa London inapokelewa hapa kwa kichwa kilichoinamishwa upande.

Hata ndani ya filamu, Kenya imo kwa uchache. Nuru na Makedde walikuwa watu wa kweli, wafanyakazi wa akina Adamson waliomlisha, kumlinda na kumtembeza Elsa kila siku. Kwenye skrini wamepewa nafasi ya kubeba, kukimbia na kutabasamu. Nuru ameigizwa na Peter Lukoye, Makedde na Omar Chambati. Ukipata nafasi ya kuitazama, yatafute majina hayo mawili katika orodha ya waigizaji.